Mume Wangu Kwenye Kapu la Taka

Kasingirima, Ujiji

Kwako mdogo wangu Somoe,

Marahaba. Najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha, na kama hujaniamkia basi rudi juu uniamkie ndiyo uendelee. Mimi ni mzima. Goti linanisumbua mvua ikikaribia, na huku Kigoma mvua haichoki kukaribia. Wewe je? Kile kifua kimepona, au bado unakunywa mizizi ya yule mama jirani ambaye hata kikohozi chake mwenyewe kimemshinda? Na mikorosho yangu imetoa maua? Usinijibu kwamba inaendelea vizuri. Nataka nijue nani anaokota, na anapeleka wapi.

Barua hii usisomewe na mtu. Darasa la nne tulikaa wote, soma mwenyewe, hata kama utaimaliza kesho. Utasema mbona dada hakupiga simu. Simu nimeacha kuziamini, na sababu yake utaiona humu. Halafu nyumba ya mwanangu ni vyumba viwili na pazia. Nikiongea na simu, mkwe wangu anasikia mpaka ninavyovuta pumzi.

Huyo mkwe ndiye habari yenyewe. Unamjua kwa picha tu. Anaitwa Habiba, mtoto wa Kalinzi, juu milimani wanakolima kahawa. Saidi alimpata huku alipokuja kufanya kazi kwenye boti za mizigo za kwenda Kongo. Anapika, anafua, salamu yake ya magoti chini, sina la kusema. Lakini tangu mimi na marehemu mume wangu tulipofika huku kumwona mjukuu, nilimwona ana jambo. Marehemu hakuliona. Marehemu alikuwa haoni mambo.

Nikueleze. Mjukuu wamempa jina la babu yake, Hashimu. Sawa, ndiyo heshima. Lakini mama yake hamwiti hivyo hata siku moja. Anamwita Mzee. "Mzee, njoo uoge." "Mzee, toa mchanga mdomoni." Mtoto hajamaliza kuota meno! Siku moja nikamkalia mbele ya cherehani.

"Habiba, mwanao anaitwa nani?"

Akacheka, akainama. "Si unamjua, Mama."

"Namjua. Nataka nisikie kwako."

"Huyu? Huyu Mzee wetu," anasema, na mguu unakanyaga cherehani kama mtu anayekimbizwa.

Niliweka moyoni. Hashimu alipokufa, Mungu amrehemu, na tukamzika hapa hapa Ujiji, huyu binti alilia kuliko watu wote matangani, na katika kulia kote huko hakumtaja jina. Wengine wanalia kwa jina, yeye analia "Baba, Baba" tu. Nikasema moyoni, jina la mume wangu lina kinyaa gani katika kinywa cha huyu mtoto? Nami ninakula mkononi mwake!

Sasa sikiliza kuhusu simu. Habiba anashona nguo, na kazi yake anaijua. Wanawake wa huku ni wabishi. Mtu analeta kitenge leo anasema mikono mifupi, wiki ijayo anaapa kwa Mungu alisema mirefu. Habiba akachoka kugombana. Siku hizi mteja akija anamsogezea simu mdomoni: "Sema mwenyewe mama, mshono gani, urefu uishie wapi." Mteja anasema, simu inanasa. Akija kubisha, anasikilizishwa sauti yake. Wanaondoka kimya, wengine hata chenji wanasahau.

Marehemu alikuwa anashinda hapo hapo mlangoni pa cherehani akiota jua. Basi Habiba akawa anamsogezea simu na yeye, anamchokoza aseme habari za kwetu Lindi. Unamjua Hashimu akipata msikilizaji. Kisha ile simu ikadondoka ziwani siku Habiba alipokuwa anapokea mzigo wa vitenge kwenye boti. Nililia, maana mwenye sauti alikuwa ameshaondoka, na sauti nayo imemezwa na maji. Wakaniambia, usilie, sauti ziko kwenye wingu. Mimi mawingu nayaona kila siku juu ya ziwa, sijaona likishusha kitu zaidi ya mvua. Lakini simu mpya ilipokuja, wakabonyeza bonyeza, na Hashimu akasema humo ndani: "Habiba, hii inasikia au nimeishika kichwa chini?" Nilikaa chini bila kutafuta kiti.

Tangu hapo kila Ijumaa tukishakula nilikuwa nasema, "Habiba, nipe mume wangu." Ananipa. Niliyoipenda ni ile anayotaja mikorosho ya nyuma ya nyumba yetu mmoja mmoja. Unajua alivyokuwa, kila mkorosho aliupa jina la mtu aliyemkera mwaka aliopanda. Yumo Shemeji, yumo Karani wa Mnada, yumo Mwanahawa Mkubwa na Mwanahawa Mdogo, wote mimi.

Ijumaa moja nikasema nipe mume wangu, Habiba akabaki ameshika simu.

"Mama, sizioni."

"Huzioni vipi?"

"Kule juu winguni kulijaa. Oda za sikukuu zilikuwa nyingi, simu ikawa inakataa kunasa. Nikafuta za wateja za zamani, mwanzo nyingi, halafu siku nyingine nyingi tena. Nahisi na zile zimeenda humo humo."

"Zile zipi?"

"Zile za Mzee."

"Mzee gani? Mzee anayelamba uji pale?"

"Mama, si unajua."

"Sema! Sema nimemfuta Hashimu!"

Akaanza kulia. Somoe, machozi ya mtu asiyetaka kutaja jina hayakuniingia hata kidogo. Nikaunganisha mambo yangu. Jina halitaji. Mtoto kambadilisha jina. Sasa na sauti imefutika, za mamake mzazi akiimba zipo. Mtu hukosea mara moja, huyu amekosea kwa kupanga. Nikasema kumbe anataka mume wangu atoke kabisa ndani ya nyumba hii, na atakayefuata ni mimi.

Nikaichukua ile simu mkononi mwake, nikaifungia kwenye sanduku langu la bati, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Nikasema haitoki mpaka Saidi arudi aone mwenyewe, maana mchinjaji humwachii kisu aoshe. Habiba akanifuata, "Mama, nipe nitafute, pengine zinarudi." Nikasema utatafuta au utamalizia? Akarudi kwenye cherehani yake. Wateja wakarudi kwenye kubisha kwao, mikono mirefu, mikono mifupi, kelele mpaka barabarani. Nikasema na iwe.

Na Saidi hakurudi upesi. Boti iliharibika injini ng'ambo, Kongo, wakakaa huko wakisubiri kifaa. Alipofika hata hakuvua viatu, nikamfungulia sanduku nikamweleza kila kitu mbele ya mke wake. Nilidhani atamgeukia mke. Akanigeukia mimi.

"Mama, simu umeifungia tangu lini?"

"Tangu mkeo alipomfuta baba yako."

Akashika kichwa. "Mama, vitu vilivyofutwa kule haviendi moja kwa moja. Vinakaa kwenye kapu la taka kama mwezi hivi, halafu kapu linajimwaga lenyewe."

"Baba yako yuko kwenye kapu la taka?"

"Omba Mungu awe bado yumo!"

Yeye alikuwa anasubiriwa kupakua mzigo. Akatupakia mimi na Habiba kila mtu bodaboda yake, twende Gungu kwa fundi wa simu anayemwamini. Njia nzima nilimwangalia Habiba mgongo. Hakugeuka.

Fundi ni kijana anaitwa Deo, ana kibanda cha bati na meza imejaa simu zilizofunguliwa matumbo. Akaniamkia vizuri. Nikakaa karibu naye kabisa, goti kwa goti, nione vidole vyake. Akasema, "Dada, weka neno lako la siri." Nikamwambia Deo geuka ukutani.

"Bibi, nikigeuka ukutani nitaona nini?"

"Huoni kitu. Ndiyo maana yake."

Akageuka, anacheka na bati. Habiba akaandika, Deo akarudi, akafungua hilo kapu lao. Namba tupu, Somoe! Namba juu ya namba, kama mifuko ya korosho ghalani.

"Hizi hazisikiki zikiwa kapuni," akasema, "mpaka zirudishwe kwanza. Ni nyingi. Tutafute kwa jina. Ya mzee uliiandika jina gani?"

Habiba akainamia simu.

"Dada, uliiandika nani?"

"Sikuandika. Niliiacha na namba yake."

Deo akaangalia zile ambazo hazikufutwa. "Mbona hii umeandika Harusi ya Mdogo Wangu? Na hii, Mama Akiimba. Kitu cha maana huwa unakiandika jina."

Hapo ndipo nilipopanda juu. Nikasema, umesikia kwa mdomo wa fundi! Mama yako ana jina, mdogo wako ana jina, mume wangu peke yake ndiye namba, kama mfungwa! Watu wa kibanda cha jirani wakatoa vichwa. Habiba machozi yanamdondokea kwenye simu. Deo akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, kisha akamsemesha Kiha, lugha yao ya huku. Wakasemezana maneno mawili matatu. Nikapiga meza: "Kiswahili! Mkitaka kupanga njama pangeni kwa Kiswahili!"

"Pole, Bibi," akasema Deo. "Nimemuuliza kwao wapi, ameniambia Kalinzi. Na huyo mzee ni baba mkwe wake?"

"Wewe unadhani ni nani?"

"Basi, Bibi, hawezi."

"Hawezi nini?"

"Kumtaja. Kwetu mwanamke aliyelelewa na wazee hatamki jina la baba mkwe wake. Halitamki, haliandiki, hata akifa. Mke wangu mimi ana kaka yake ana jina kama la baba yangu. Tangu tuoane anamwita Yule wa Kwetu. Juzi kaka kapiga hodi, mke wangu anapaza sauti, 'Yule wa Kwetu kaja!' Majirani wakadhani ni polisi."

Nikamgeukia Habiba. "Ni kweli?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Na mtoto?"

"Ana jina la Baba. Nitamwitaje, Mama? Nitasimama uani nipige kelele jina la Baba, eti njoo uoge?"

"Sasa si ungeandika hata Mzee!"

"Nilikuwa nazijua kwa namba zake. Simu mpya ilipokuja namba zikachanganyika na za wateja. Kila siku nilisema kesho nitazitenga, na kila nikishika niandike, mkono unakataa. Baba alipokuwa hai, anakaa pale, sikuthubutu, nianze kumwandika akishakufa?"

"Na mimi nilipokuuliza mwanao anaitwa nani, kwa nini hukuniambia?"

Akafuta uso kwa kanga. "Nilidhani unanijaribu, Mama. Unione kama nimefunzwa."

Somoe, kumbe muda wote ule mimi namvizia, na yeye ananiona mimi ndiye ninayemtega. Sisi kwetu mkwe anamtaja baba mkwe na ukoo wake wote, tena akikasirika anaongeza. Nilikuwa najuaje?

Lakini sikuomba radhi pale, watu wanatazama. Nilimwambia Deo, "Rudisha zote. Za wateja, za nani, zote." Akafanya. Ilichukua muda, tukakunywa chai ya tangawizi, niliinunua mimi.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitaka. Zile alizofuta mwanzo hazimo. Kapu lilishazimwaga. Zilizokuwemo ni zile alizofuta siku ya pili tu. Habiba akaniangalia haraka, akaangalia chini. Mwezi ule ulipitia wapi, wote tulikuwa tunajua. Ulipitia kwenye sanduku langu la bati. Nilimsubiri aseme, ili nipate la kumjibu. Hakusema. Hajasema mpaka leo ninavyoandika, na hilo linanikera zaidi kuliko angesema.

Tulisikiliza mchana kutwa na mchana wa pili, mimi na yeye mlangoni pa cherehani, anashona huku simu inaongea. Nimewajua wanawake wa Ujiji wote kwa makalio yao. "Hapa kwenye kiuno bana, mimi sijazaa." "Usinibane, nakula." Mmoja wa kutoka Kongo anataka mabega yasimame mpaka usawa wa masikio. Tunacheka, tunaruka, tunaenda nyingine. Ile ya mikorosho haikutokea. Nilijua haitatokea, nikawa naitafuta tu. Somoe, majina ya ile mikorosho sasa hayapo popote isipokuwa kichwani mwangu, na ninakumbuka nusu.

Hashimu mwenyewe alitokea mara tatu. Mara ya kwanza anamlalamikia mtu mawese, eti kwa nini kila chakula chekundu. Mara ya pili anaimba, vibaya kama kawaida yake. Mara ya tatu ikaanza tu, anakohoa, anasema, "Hayupo? Ameenda sokoni?" Habiba akaruka kutoka kwenye cherehani mkono mbele. "Mama, hiyo ya mteja."

"Mteja gani ana kikohozi cha mume wangu?" Nikaiweka kifuani. Nikasema kimya.

Sasa unalikumbuka sikio la kushoto la Hashimu? Lile lililokufa tangu Saidi akiwa mdogo, nikampeleka kwa waganga na hospitali, na maisha yangu yote nikazoea kupaza sauti mpaka watu wakaniita mgomvi? Basi sikiliza anavyomwambia huyu binti, taratibu, kama anampa urithi:

"Mwanangu, huyo mama mkwe wako akianza, wewe usibishane naye. Mimi nilijifanya sikio halisikii. Likanisaidia sana. Anagomba, anagomba, akichoka anapika, tena anapika vizuri. Moyo wake hauna kitu. Ila usimwambie, atanitoa roho."

Halafu wanacheka wote wawili. Habiba na yeye. Mume wangu na mkwe wangu wanacheka, mimi niko sokoni natafuta migebuka, samaki wa ziwa hili, nimkaangie!

Nilisimama, Somoe. Nikaishika ile simu kwa mikono miwili nikamjibu. Nilimwambia yote. Nikamwambia miaka yote hiyo koo langu, Hashimu! Nikamwambia na mafuta ya kutia sikioni niliyokuwa nayachemsha, ulikuwa unalala upande upande nikutilie, mnafiki mkubwa wee! Na yeye humo ndani anaendelea na habari zake, anauliza chai iko wapi. Nikapaza sauti zaidi, kama nilivyozoea. Ndipo nikaona Habiba ameacha kushona na ameziba mdomo kwa kitenge cha mteja, na mimi nikajua kwamba safari hii hasikii kweli.

Nikakaa. Habiba akaja akakaa chini karibu na mguu wangu. Akasema, "Mama, ndiyo maana sikuwahi kukupa hiyo." Nikamwambia mjinga wewe, hiyo ndiyo ungenipa ya kwanza.

Jina nimeandika mimi. Amenionyesha pa kubonyeza, nikaandika kwa kidole changu, HASHIMU, kwenye zote tatu, herufi kubwa, asije mtu akasema hakuona. Deo amezihamishia pia kwenye simu ya Saidi, na ile simu ya Saidi naikagua kila akirudi. Habiba bado namwangalia. Simwangalii vibaya kama mwanzo, ila mtu aliyeweza kucheka na mume wangu bila mimi kujua, huyo si wa kumwacha hivi hivi. Jana nimemkaangia migebuka, akala wote.

Nisalimie shangazi yetu mwenye duka, mwambie sukari aliyonipa safari ile ilikuwa na mchanga, nilikuwa nimenyamaza tu. Nisalimie mwalimu wa madrasa aliyemfundisha Saidi. Msalimie sana kijana wa jirani anayenichungia mbuzi, mwambie bibi anawajua kwa sura. Wajukuu zako wote wabusu, wale wanaosoma na wale wanaosema wanasoma.

Na jambo moja la mwisho, ulitangaze msibani, arusini, popote watu walipo. Kama kuna mtu huko Lindi ana sauti ya Hashimu kwenye simu yake, hata akiwa anasalimia tu, asiifute. Na asiisikilize. Aniletee kwanza niisikilize mimi, maana sijui alikuwa anawaambia nini.

Ni mimi dada yako asiyedanganywa,
Mwanahawa, mke wa Hashimu